Uzi: Gitaa na dramu za kompyuta zinagombana kwenye miksi? Zivue mapambo kwanza

#1 Mleta uzi

Wakuu, salaam.

Huu uzi nimeuahirisha sana. Leo nimeamua kuushusha kwa sababu swali lile lile linarudi humu kila mara, linabadilisha nguo tu: "Gitaa langu la plagini likiwa peke yake linatisha. Dramu zangu zikiwa peke yake ni moto. Nikizikutanisha, tope." (Plagini ni programu ndogo ya chombo au athari inayofanya kazi ndani ya programu ya muziki.) Halafu wachangiaji wanakuja na EQ (kidhibiti cha sauti nzito na nyembamba): kata huku, pandisha kule. Mtu anakata mpaka gitaa linabaki mifupa, na tope bado lipo.

Na mimi nimepita humo. Kuna wimbo niliukalia wiki tatu. Magitaa mawili ya distoshoni (sauti ya kukwaruza), besi, na dramu za sampuli zilizorekodiwa kwenye studio ya maana. Kila nilichogusa niliharibu. Usiku mmoja nikakasirika, nikafuta plagini zote nilizokuwa nimeweka mimi, nikabaki na vyombo vitupu. Tope likabaki vile vile. Hapo ndipo akili ikanijia nifungue dirisha la gitaa lenyewe nione kuna nini ndani. Nikakuta kompresa (inayobana sauti kubwa na ndogo zikaribiane), EQ iliyopandisha sauti nzito, dilei (mwangwi wa kurudia) na riverbu (mwangwi wa chumba), vyote vimewashwa. Nikafungua dramu: kompresa kwenye kiki (dramu kubwa ya mguu), kompresa kwenye sneya (dramu kali ya mkono), nyingine juu ya zote, na riverbu ndefu.

Yaani kabla sijashika fada (kitelezi cha kiwango cha sauti), kuna mtu alikuwa ameshamiksi. Na kila chombo alikimiksi kana kwamba hakuna kingine duniani.

Ukiwaza vizuri, hana kosa. Priseti (mpangilio wa sauti unaokuja tayari na plagini) imetengenezwa ili ukibonyeza noti moja tu ushtuke, useme "hii lazima niwe nayo." Sasa chukua sita za namna hiyo uziweke kwenye wimbo mmoja. Ni harusi moja yenye mabibi harusi sita. Kwa hiyo hatua yangu ya kwanza siku hizi, hata kabla ya kupanga sauti, ni kuwavua shela wote. Fungua kila chombo, zima kila athari iliyo ndani yake, kisha sikiliza. Itasikika vibaya, kavu na ndogo. Vumilia, maana kwa mara ya kwanza unasikia ulichonacho kweli.

Ukishavua, kitu cha pili kinajitokeza chenyewe: gitaa na dramu haviko chumba kimoja. Gitaa nyingi za kompyuta zimerekodiwa kwa waya, kutoka kwenye gitaa moja kwa moja hadi kwenye mashine, hakuna hewa katikati. Dramu ni kinyume chake. Kifurushi kizuri cha dramu kina maikrofoni za karibu, za juu ya matoazi (ovahedi), na za mbali zinazosikiliza chumba kizima (rumu). Kwa hiyo mpiga dramu yuko ukumbini, mpiga gitaa yuko ndani ya sikio lako. Hakuna EQ ya kutibu hilo. EQ inabadilisha rangi ya sauti, haihamishi mtu.

Ninachofanya: nashusha maikrofoni za rumu za dramu mpaka zinakaribia kupotea, halafu nafungua riverbu moja tu ya chumba kidogo kwenye treki ya pembeni, yenye mkia wa nusu sekunde hivi. Sneya naituma humo kidogo, gitaa kidogo zaidi, kiki siitumi kabisa. Ikisikika kama riverbu umezidisha. Ukiizima ghafla uone bendi imetawanyika, hapo umepatia. Gitaa la distoshoni nzito linahitaji kiasi cha kunusa tu, kwa sababu distoshoni tayari imeshajaza nafasi zote.

Sasa kuhusu mnyororo wa gitaa lenyewe, maana hapa watu wanaumia bila kujua. Gitaa la waya linaingia kwenye amplifaya, amplifaya inaingia kwenye kabati la spika, na kabati ndilo linalolifanya gitaa lisikike kama gitaa. Spika ya gitaa ya inchi 12 inaanza kuchoka ukipita 5 kHz hivi, na uchovu huo ndio unaotuokoa. Distoshoni bila kabati ni nyuki ndani ya kopo. Ndiyo maana tunatumia zile faili za IR, ambazo ni alama ya sauti ya kabati halisi na maikrofoni iliyowekwa mbele yake. Kosa linalonifikia sana kwenye miradi ya wenzangu ni makabati mawili: plagini ya gitaa ina priseti yenye amplifaya na kabati ndani yake, mtu hajui, anaongeza Guitar Rig au AmpliTube (programu za amplifaya) juu yake na kabati la pili. Sauti inakuwa imefunikwa blanketi, naye anaanza kupandisha sauti za juu kwa EQ kutafuta kitu ambacho ameshakichuja mara mbili. Chagua moja. Mimi nazima la ndani, natumia la nje.

Sasa nondo yenyewe, ambayo wala si ya miksi. Ni ya uandishi wa noti. Hapa ndipo nyimbo nyingi zinapofia.

Ukipiga kodi (si ile ya nyumba) kwenye kibodi, vidole vitatu vinashuka pamoja na noti zinakaa karibu karibu. Gitaa halina mkono wa namna hiyo. Chukua E meja ya wazi. Kwa namba za MIDI (lugha ya noti za kompyuta, kila noti na namba yake) ni 40, 47, 52, 56, 59, 64. Tazama nafasi: kati ya mbili za chini kuna nusutoni saba, halafu tano, halafu nne, tatu, tano. Chini pana, juu pamebanana. Ukiandika E meja ya kinanda 52, 56, 59 na kuita gitaa, msikilizaji hatajua kosa liko wapi ila atajua si gitaa.

Halafu mkono unapita, hautui. Kwenye pigo la kushuka mimi nazipanga noti hizo sita hivi: ya kwanza inaanza milisekunde 15 hivi kabla ya mdundo, ya pili baada ya 8, inayofuata 7, halafu 6, 5, 4. Jumla kama 30 tangu uzi mnene hadi mwembamba. Nafasi zinapungua kwa sababu mkono unaongeza kasi unaposhuka. Kwa nini kabla ya mdundo? Kwa sababu ukianzia juu ya mdundo wenyewe, kodi nzima inafika imechelewa na kiki inaonekana imekimbia. Watu wengi wanaosema "dramu na gitaa hazishikani" shida yao ni hiyo, wao wanatafuta kompresa.

Pigo la kupanda ni kinyume: linaanza na uzi mwembamba, linagusa nyuzi tatu au nne za juu tu, na nguvu yake ni ndogo. Kwa nguvu ya pigo ya MIDI, nikiweka kushuka kwenye 95 hadi 110, kupanda naweka 60 hadi 80. Hakuna mpiga gitaa anayefuta nyuzi zote sita kwa nguvu ile ile kwenda na kurudi, labda awe na hasira na mtu.

Nitarudi na dramu, ngoja nipumzishe vidole.

---

#2

Naweka kambi hapa. Hiyo ya makabati mawili umenichana hadharani mkuu, nimefungua mradi wangu sasa hivi nikayakuta yote mawili.

---

#3

Mleta uzi, kwa heshima, mnajitesa bure. Mtafute mpiga gitaa halisi arekodi, yaishe. Nusu saa anakupa kile unachokiandika kwa siku mbili cha milisekunde 8, 7, 6. Gitaa la kompyuta litabaki la kompyuta.

---

#4 Mleta uzi

Mkuu wa #3, ukiwa na mpiga gitaa mzuri mchukue, sibishani. Tena hata rifu moja ya gitaa halisi ikikaa mbele, zile za kompyuta nyuma zinaaminika zaidi. Ila mtu anatunga saa nane usiku, peke yake, na wazo halisubiri ratiba ya mtu. Na hata gitaa halisi lililorekodiwa kwa waya likikutana na dramu za sampuli, ile shida ya vyumba viwili utaikuta pale pale.

Turudi kwenye dramu.

Kanuni yangu ni kuhesabu viungo. Mpiga dramu ana mikono miwili na miguu miwili. Kama kwenye mdundo mmoja umeweka haihati (matoazi mawili yanayofungwa kwa mguu), sneya na toazi la kishindo, huyo ana mikono mitatu. Toazi likigongwa, haihati inanyamaza kwa mdundo huo. Hili dogo linafungua nafasi kwenye sauti za juu kuliko EQ yoyote, na ni bure.

Nguvu ya pigo nayo: MIDI inakupa 1 hadi 127, na watu wanaishi 127. Sampuli za dramu zimerekodiwa kwa ngazi, pigo dogo na pigo kubwa ni rekodi tofauti kabisa. Ukibana kila kitu kwenye 127 unaita ngazi ile ile ya juu kila mara, iliyogongwa kwa nguvu zote. Sneya yangu ya mdundo wa pili na wa nne inacheza 108 hadi 118. Zile noti za kunong'ona katikati ziko 20 hadi 35. Haihati kwenye noti za nane: 98, 64, 90, 60, na siirudii hivyo hivyo kila baa. Bega la mtu linapumua.

---

#5

Nondo tupu. Swali langu: nimenakili treki ya gitaa, moja kushoto kabisa na nyingine kulia kabisa, nikitegemea upana. Mbona bado liko katikati? Nikachelewesha ya kulia milisekunde 15, likapanuka vizuri mno. Nikasikiliza kwenye simu yenye spika moja, gitaa limekondeana kama limeugua. Tatizo ni simu?

---

#6 Mleta uzi

Simu haina kosa, imekuambia ukweli.

Nakala mbili zinazofanana, moja kila upande, masikio yanazisoma kama kitu kimoja kilichosimama katikati, ila chenye sauti kubwa zaidi. Upana unatokana na tofauti. Ule ucheleweshaji unaleta kinachoitwa athari ya Haas, kutokana na Helmut Haas aliyeieleza kwenye tasnifu yake ya udaktari ya mwaka 1949: sauti mbili zikipishana kidogo sana sikio linaziunganisha na kuelekea upande wa iliyotangulia. Kwenye hedifoni inapendeza. Lakini ukizikusanya kwenye spika moja, zinakatana. Kwa milisekunde 15, mwanya wa kwanza unakuwa 33 Hz, unaofuata 100, halafu 167, 233, na kuendelea juu kila baada ya 67 hivi. Gitaa lako limepitishwa kwenye kitana.

Dawa ni wapigaji wawili. Bora kuliko zote ni kupiga upya treki ya pili kwa mkono wako mwenyewe, na makosa yake. Kama umeandika kwa panya na huwezi, kuna hila: nakili treki, noti zote zipandishe nusutoni moja, kisha ndani ya plagini teremsha tyuni ya chombo kwa senti 100 (yaani nusutoni moja). Unasikia noti zile zile, lakini plagini imelazimika kuita sampuli za jirani, na hizo ni rekodi nyingine. Halafu treki hiyo ipe amplifaya nyingine au IR nyingine, na mapigo yake yasogeze huku na huku milisekunde tano hadi kumi bila mpangilio.

Tahadhari moja niliyojifunza kwa aibu: plagini nyingi za gitaa zina noti za chini kabisa ambazo hazitoi sauti, kazi yake ni kubadilisha aina ya pigo, mfano kutoka kubana kwa kiganja hadi kuachia. Hizo usizipandishe. Mimi nilipandisha zote, gitaa la kulia likaimba kwa kuteleza wimbo mzima. Nilidhani kompyuta imeharibika.

---

#7

😂😂 gitaa la kuteleza dakika nne. Ungeliacha, huenda lingekuwa hiti.

Mimi shida yangu kiki. Beti la kwanza iko safi, kibwagizo kikiingia na magitaa manne inamezwa. Nimepandisha 60 Hz mpaka madirisha yanatetemeka.

---

#8 Mleta uzi

Uzi mnene wa gitaa ni 82 Hz, wa besi ni 41. Magitaa manne yenye uvimbe chini ya 100 yanapigana na besi na kiki kwa pamoja. Kata gitaa kuanzia 90 au 100 kushuka, usione huruma. Fanya jaribio hili: kwenye wimbo wowote wa gitaa nzito uliomiksi, zima besi. Utaona magitaa yamekuwa membamba ghafla. Ule unene ulikuwa wa besi muda wote.

Ila 60 Hz si jibu. Kiki katikati ya magitaa unaisikia kwa kile kidoko cha nyundo kugonga ngozi, kipo kati ya 2 na 5 kHz. Punguza ile sauti yake ya kisanduku kwenye 300 hadi 450 Hz, ongeza kidoko kidogo, na magitaa yapunguze desibeli mbili kwenye eneo hilo hilo. Mbili tu. Na kama juu ya kiki umeongeza sampuli nyingine ya kiki, zikuze kwenye skrini uone kama mawimbi yanaanza pamoja kuelekea juu. Moja ikianza juu na nyingine chini zinafutana, na sauti nzito inapotea hata ukiongeza vipi. Geuza feizi (mwelekeo wa wimbi) ya moja usikie.

Kisha teremsha sauti ya spika mpaka karibu na mtu anayeongea taratibu. Watafiti Fletcher na Munson walionyesha tangu 1933 kwamba sauti ikiwa ndogo sikio linapoteza nzito kwanza. Kiki ikiwa bado inasomeka hapo, itasomeka popote. Miksi ya sauti kubwa inadanganya kila mtu.

---

#9

Kompresa kwenye basi la dramu (treki moja inayokusanya dramu zote) mnaweka vipi? Yangu inafanya dramu ziwe bapa, hazigongi tena.

---

#10

Mleta uzi akiruhusu nijibu. Ataki yako (muda wa kompresa kuanza kubana) ni fupi mno, kompresa inakamata kichwa cha pigo. Iweke 25 au 30 milisekunde, kichwa kipite, ibane kinachofuata. Rilizi (muda wa kuachia) nusu ya mdundo au pungufu, ili sindano irudi kabla ya pigo linalofuata. Kwenye 120 BPM (midundo kwa dakika) mdundo mmoja ni milisekunde 500, piga hesabu. Ibane desibeli mbili hadi tatu basi. Na sampuli nyingi za kulipia zilishapita kompresa wakati wa kurekodiwa, kwa hiyo unabana kilichobanwa.

---

#11 Mleta uzi

#10 amemaliza. Naongeza moja: mkitaka uzito zaidi tengenezeni nakala ya basi, ibaneni hiyo bila huruma, kisha ichanganyeni kidogo chini ya ile safi.

---

#12

Sneya yangu ikifika kwenye rolo (mapigo ya haraka mfululizo) inakuwa bunduki ya rashasha. Nimebadilisha nguvu za pigo, bado.

---

#13 Mleta uzi

Angalia kama plagini yako ina sampuli za kupokezana, zile zinazobadilika kila ukigonga noti ile ile, na kama zimewashwa. Pili, dramu nyingi zina sneya ya mkono wa kushoto kwenye noti tofauti na ile 38 ya kawaida. Pokezana kulia na kushoto, kushoto ipe nguvu pungufu kidogo. Tatu, usinyooshe rolo kwenye gridi. Mtu akipiga rolo anaanza taratibu, anakimbia kidogo kuelekea kishindo.

---

#14

Narudi na mrejesho, ni mimi wa #2. Nimezima kabati moja, nikazima athari zote za ndani, rumu ya dramu nimeishusha, riverbu moja ya pamoja. Sneya imekuja mbele peke yake bila kuguswa, sikuamini. Gitaa la kulia nimelifanyia ile hila ya nusutoni. Ila sasa haihati inachoma masikio, hasa ikiwa upande wa kushoto na gitaa. Nimekata 8 kHz kwenye treki yake, haisaidii.

---

#15 Mleta uzi

Haisaidii kwa sababu unayoisikia haitoki kwenye treki yake. Inaingia kupitia ovahedi, na huenda hata kwenye maikrofoni ya sneya. Zima kabisa treki ya haihati usikilize: itaendelea kuchoma. Rudi kwenye noti. Kama zimekaa 110, zishushe zote kwenye 75 hadi 85. Usishushe fada, shusha nguvu ya pigo, ili plagini ilete rekodi ya haihati iliyogongwa kwa ncha ya fimbo badala ya ubavu. Halafu tupia klipu ya sekunde ishirini hapa tusikie.